Jinsi ya Kuifanya Detekta ya Kujitengenezea Isikie Mbali Zaidi Ardhini



Vijana wa Chama cha Sayansi cha shule yetu wameniandikia barua. Wamejitengenezea detekta, yaani mashine ya kutambua chuma na madini mengine yaliyofukiwa ardhini, nayo ni ya aina ile ifanyayo kazi kwa mipigo ya umeme. Wasema kwamba inasikia sarafu kwa umbali wa sentimita 20, na kipande chembamba cha dhahabu kwa sentimita 10, wala haizidi hapo. Chama kina akiba kidogo ya fedha, na shauri lililo mbele yao ni kununua betri ya pili na transista kubwa zaidi, ili koili ipate mkondo maradufu. Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza redio na vyombo vya umeme hapa Busia, wameniuliza kama shauri hilo ni jema.

Jibu langu ni kwamba fedha hizo wasizitumie hivyo. Lakini nimeona afadhali nijibu katika gazeti letu kuliko katika barua, kwa maana jambo hili lawahusu watu wengi kuliko chama kimoja. Hapa Busia, na kule Mubende na Karamoja, wako watu wengi watafutao dhahabu kwa mikono yao. Muuzaji akija na mashine, neno lake la kwanza ni kwamba mashine yake "ina nguvu", na kwa sababu ya nguvu hiyo yaona dhahabu mita nyingi chini. Mtu husikia, huuza ng'ombe, hununua. Mwanafunzi anayefahamu kwa hesabu jinsi kina kinavyopatikana aweza kumwokoa mjomba wake na hasara hiyo. Basi fuateni nami hatua kwa hatua.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Mwaka 1831 Michael Faraday, mtaalamu wa Uingereza, alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika karibu na waya, umeme huamka ndani ya waya ule. Detekta yote imejengwa juu ya jambo hili moja. Matumizi ya mipigo kwa kutafuta vitu ardhini si mapya: mwaka 1966 jarida la Archaeometry la Oxford lilieleza chombo cha namna hii kwa ajili ya watu wachimbuao mambo ya kale.

Mashine ya vijana wetu ina koili ya waya yenye upana wa sentimita 26 na mizunguko 22, ambayo ni kama mikrohenri 300. Transista hufungua njia, na mkondo kutoka betri ya volti 12 hupita katika koili kwa muda wa mikrosekunde 100 hivi. Mikrosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mkondo hupanda hadi kama ampea 3, na sumaku husimama kuzunguka koili na kuingia ardhini. Ghafula transista hukata mkondo. Sumaku huanguka, na kwa kuanguka kwake huamsha umeme katika kila kitu cha madini kilicho karibu. Umeme huo huzunguka ndani ya sarafu, hupungua, kisha hufa. Wakati unapokufa nao hutoa sumaku yake ndogo, na koili ile ile iliyopiga mpigo sasa husikiliza.

Ugumu wote uko hapo. Mkondo unapokatwa, koili yenyewe hutoa volti zipatazo 400. Baada ya mikrosekunde chache tunaitaka isikie ishara ambayo ni sehemu za milioni za volti moja. Ni kama mtu apigaye ngoma kubwa, kisha mara hiyo hiyo atake kusikia mtoto anong'onaye ng'ambo ya uwanja. Atafanyaje? Aweza kumwomba mtoto apaze sauti. Aweza pia kuituliza ngoma upesi, na kuwanyamazisha watu waliomzunguka. Kuongeza betri ni njia ya kwanza. Mimi nawashauri njia ya pili.

Kwa nini nguvu haisaidii sana

Sumaku ya koili hupungua sana kwa umbali. Ukienda mbali maradufu, kwa kitu kilicho mbali kupita upana wa koili, sumaku hubaki sehemu moja ya nane. Hiyo ni safari ya kwenda. Ishara irudiyo kutoka sarafuni nayo hupungua hivyo hivyo, ikabaki sehemu moja ya nane tena. Nane mara nane ni 64. Kwa hiyo, ili kusikia kitu kile kile kwa umbali maradufu, yahitajiwa ishara mara 64. Karibu na koili sheria hii hulegea kidogo. Nimeipigia hesabu koili ya sentimita 26: kutoka sentimita 20 hadi 40 yatakiwa ishara mara 30.

Sasa tazameni shauri la betri ya pili. Mkondo ukiwa maradufu, ishara nayo ni maradufu tu. Sarafu iliyosikika kwa sentimita 20 itasikika kwa 23. Hizo sentimita 3 ndizo faida yote. Kama mngetaka kufika sentimita 40 kwa njia ya mkondo peke yake, mngehitaji ampea 90, na waya wa koili ungeungua.

Tena faida hiyo ina gharama mbili. Ya kwanza, mkondo ukiwa maradufu, umeme uwekwao katika koili kwa kila mpigo ni mara nne, na transista huipokea sehemu yake kubwa kwa joto. Ya pili, mkondo mkubwa hauishi upesi. Ampea 3 zikikatwa kwa volti 400 katika koili ya mikrohenri 300, huchukua kama mikrosekunde 2 na robo hata ziishe. Ampea 6 huchukua 4 na nusu. Mtaona sasa hivi kwamba mikrosekunde 2 ni mali.

Kuwahi kusikiliza

Umeme ndani ya kitu kilichofukiwa hauishi kwa muda mmoja. Katika sarafu nene hudumu makumi ya mikrosekunde. Katika kipande chembamba cha dhahabu, au mkufu mwembamba, hudumu mikrosekunde chache tu. Mashine ya vijana wetu husubiri mikrosekunde 20 baada ya kukata mkondo ndipo isikilize. Kwa kitu ambacho umeme wake hupungua hata theluthi na kidogo kila mikrosekunde 5, kungoja 20 ni kama kwenda mazikoni wakati watu wamekwisha rudi nyumbani.

Wakiweza kusikiliza kwa mikrosekunde 10 badala ya 20, kitu hicho chembamba kitatoa ishara mara 7 na zaidi. Kilichosikika kwa sentimita 10 kitasikika karibu na 19. Linganisheni: mkondo maradufu ungewapa sentimita 13 tu kwa kitu hicho hicho. Kwa sarafu nene faida ni ndogo, kutoka sentimita 20 hadi 21, kwa kuwa umeme wa sarafu haukuwa na haraka ya kufa. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: twatafuta nini? Atafutaye dhahabu na awahi kusikiliza. Atafutaye sarafu au bomba la chuma na ashughulikie kelele, nitakayoieleza baadaye.

Basi ni nini kimewazuia vijana wetu wasiwahi? Ni mambo matatu.

La kwanza ni rezista iliyofungwa sambamba na koili. Kazi yake ni kama ile ya kiganja kiwekwacho juu ya ngozi ya ngoma ili iache kulia. Rezista ikiwa kubwa mno, koili huendelea kutetemeka. Ikiwa ndogo mno, mkondo huvutika polepole kama asali. Kiasi chake cha haki hupatikana kwa hesabu: gawanyeni mikrohenri za koili kwa kapasitansi yake, tafuteni kipeuo cha pili, kisha chukueni nusu. Kapasitansi ni tabia ya waya zilizokaribiana kuweka umeme kati yao, kama kibuyu kiwekavyo maji. Koili ya mikrohenri 300 yenye pikofaradi 300 yataka rezista ya omu 500. Fungeni rezista ya kugeuzwa, igeuzeni mpaka mstari katika osiloskopu ushuke upesi kabisa bila kutetemeka, kisha ipimeni na kuweka rezista ya kudumu yenye kiasi hicho.

La pili ni hiyo kapasitansi yenyewe. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo koili itulivyo mapema. Waya wa kupaka vanishi uliosongwa pamoja una kapasitansi kubwa. Waya wa kawaida wa nyuzi nyingi wenye ganda nene la plastiki huweka mizunguko mbali mbali, nao ni bora. Kebo ya kutoka koili hadi sanduku mara nyingi huwa na pikofaradi 100 kwa mita moja, basi ikateni iwe fupi iwezekanavyo. Transista nayo ina kapasitansi yake. Dayodi moja ya upesi ikiwekwa kati yake na koili huitenga wakati wa kusikiliza. Dayodi hiyo hupatikana katika mashine mbovu za kutunza umeme wa kompyuta, nayo haigharimu kitu.

La tatu ni amplifaya, na katika mashine ya vijana wetu nadhani huyu ndiye mkosaji mkubwa. Wametumia NE5534 moja iliyofungwa kukuza ishara mara 1,000. Kijumba hiki ni kizuri, lakini kina mpaka: ukizidisha kiasi cha kukuza kwa upana wa masafa wapata kama megahezi 10, haizidi. Ukitaka ikuze mara 1,000, upana hubaki kilohezi 10 tu, na amplifaya ya kilohezi 10 huhitaji mikrosekunde 16 hata ianze kufuata mabadiliko. Itasikilizaje jambo la mikrosekunde 10? Dawa yake ni kugawa kazi. Fungeni mbili, moja ikuze mara 30 na ya pili mara 30. Jumla ni mara 900, karibu sawa na kwanza, lakini kila moja ina upana wa kilohezi 300 na zaidi, na huwa tayari kwa chini ya mikrosekunde 1. Bei yake ni ya kijumba kimoja na rezista chache.

Na dayodi mbili zile za 1N4148 mlizofunga kichwa kwa mkia mlangoni mwa amplifaya, zisiondoke. Ndizo zizuiazo volti 400 zisiingie ndani. Rezista iliyo mbele yake, ya omu 1,000, nayo ibaki.

Kunyamazisha kelele

Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na risasi moja ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo cha kutafuta chuma kwa koili, si cha mipigo lakini ni ndugu yake. Hakuipata risasi. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba rais alikuwa amelala juu ya kitanda chenye springi za chuma, nazo zikajaza chombo sauti isiyotakiwa. Chombo hakikukosa nguvu, kilikosa utulivu.

Kelele za detekta ni za namna mbili. Ziko zinazotoka ndani ya mashine, na ziko zinazotoka nje: nyaya za umeme wa nyumba, vituo vya redio, chaja za simu, na simu yenyewe iliyo mfukoni mwa anayeshika mashine. Dawa za kelele hizi karibu zote ni za bure.

Dawa ya kwanza ni kusikiliza mara nyingi na kuchukua wastani. Haba na haba hujaza kibaba. Ishara ya sarafu huja vile vile kila mpigo, lakini kelele huja ovyo, mara juu mara chini, na katika wastani hufutana. Mipigo ikiwa mara nne, kelele hubaki nusu. Mashine ya vijana wetu hupiga mipigo 250 kwa sekunde. Wakiipandisha hadi 1,000, watapata faida ile ile ya mkondo maradufu, bila transista mpya. Betri itatoa kama ampea 0.16 kwa ajili ya koili, na betri ya ampea-saa 7 itadumu zaidi ya saa 30. Tena mtu akipeleka koili polepole, na kuruhusu wastani mrefu zaidi, apata faida nyingine. Kelele ikishuka hadi robo, sarafu ya sentimita 20 itasikika kwa 27.

Dawa ya pili ni kusikiliza mara mbili katika kila mpigo. Mara ya kwanza ni mapema, wakati sarafu inaponong'ona. Mara ya pili ni baada ya mikrosekunde 100 nyingine au zaidi, wakati sauti ya vitu vidogo imekwisha kufa au kudhoofika. Kisha toeni ya pili katika ya kwanza. Umeme wa nyumba hugeuka mara 50 kwa sekunde, yaani mzunguko wake mmoja ni mikrosekunde 20,000. Kwa muda wa mikrosekunde 100 haubadiliki sana, na kutoa huko huufuta karibu wote. Hata sumaku ya dunia, ambayo huamsha umeme kidogo katika koili inayopungwa huku na huko, hufutwa kwa njia hiyo hiyo.

Dawa ya tatu ni kuchagua hesabu ya mipigo. Fungeni rezista ya kugeuzwa ili muweze kuongeza au kupunguza mipigo kidogo kidogo, kisha geuzeni mpaka sauti ya spika itulie. Mahali pengine patataka 980, pengine 1,030. Msiweke hesabu moja ya daima.

Dawa ya nne ni kuivika koili nguo. Izungusheni kwa ukanda mwembamba wa foili, au rangi yenye makaa ya penseli, na nguo hiyo iunganishwe na upande hasi wa betri. Acheni pengo la sentimita 1 au 2, nguo isifunge duara, maana duara lililofungwa ni kama pete kubwa ya madini iliyo mlangoni pa mashine, nayo itasikika daima. Tena wekeni plastiki au povu kati ya waya na foili, la sivyo mtairudisha kapasitansi ile tuliyokwisha kuifukuza.

Koili kubwa au ndogo?

Wengi hudhani kwamba koili kubwa ni bora siku zote. Nimelinganisha kwa hesabu koili yenu na koili ya sentimita 40. Ili mikrohenri zibaki 300, koili kubwa itakuwa na mizunguko 17 badala ya 22. Kitu kidogo kikiwa sentimita 40 chini, koili kubwa hupata ishara mara 2 na kidogo kupita ile ya kwanza. Lakini kitu hicho kikiwa sentimita 5 chini, koili kubwa hupata theluthi tu ya ishara ya koili ndogo. Atafutaye punje ndogo karibu na uso wa ardhi atajinyima mwenyewe.

Tena koili ni mtego wa sumaku, na mtego mpana hunasa kelele za nje nyingi zaidi. Hiyo ya sentimita 40 hunasa karibu maradufu. Kwa hiyo mjini, karibu na nyaya za umeme, faida yake karibu yote huliwa na kelele. Porini ndipo ifaapo. Penye kelele nyingi jaribuni koili iliyosokotwa mfano wa namba 8. Kelele itokayo mbali huingia katika matundu yote mawili kwa kinyume, ikajifuta yenyewe.

Udongo mwekundu

Mashine ikisikia sentimita 27 hewani haina maana kwamba itasikia 27 ardhini. Udongo wetu mwekundu wa moramu una chuma kilichooza, na udongo wa namna hii hushika sumaku kidogo na kuiachilia polepole. Detekta huusikia udongo kama kwamba wote ni madini.

Lakini udongo una tabia moja inayojulikana: sauti yake hupungua kwa kadiri ya muda. Muda ukiwa maradufu, sauti ya udongo hubaki nusu. Basi sikilizeni kwa mikrosekunde 10 na tena kwa 20, izidisheni ile ya pili mara mbili, kisha itoeni katika ya kwanza. Udongo utapotea. Angalieni lakini: kitu chochote ambacho sauti yake nacho hubaki nusu kati ya 10 na 20 kitapotea pamoja na udongo. Kwa hiyo wekeni swichi, ili hesabu hii itumike penye udongo mkali tu. Hakuna mashine iondoayo udongo bila kuondoa na kitu kingine, na muuzaji akisema yake haiondoi, mwulizeni maswali.

Jinsi ya kupima

Fundi asiyepima hajui kama amesonga mbele au amerudi nyuma. Fanyeni hivi. Wekeni koili juu ya boksi la karatasi ngumu, mbali na meza yenye misumari na viti vya chuma. Chukueni fimbo ya mbao, pigeni alama za sentimita, na kwa gundi bandikeni sarafu mwishoni mwake. Mwenzenu mmoja aisogeze polepole, na mwingine aliyefumba macho aseme anaposikia. Fanyeni mara 10 na kuandika wastani. Kisha rudieni kwa kipande cha foili kilichokunjwa kiasi cha punje ya hindi, kwa maana foili ni mfano mzuri wa dhahabu nyembamba. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mkibadilisha mawili, hamtajua lipi limesaidia.

Kwa fedha mlizo nazo, nashauri kazi ziende kwa taratibu hii: kwanza gawanyeni amplifaya; pili rekebisheni rezista ya koili; tatu fupisheni kebo na wekeni dayodi; nne pandisheni mipigo; tano sokoteni koili mpya na kuivika. Baada ya kila moja, pimeni na kuandika.

Maonyo

Volti 400 za koili si mchezo. Mashine ikiwa inawaka, mtu asishike ncha za koili, wala asiunganishe osiloskopu moja kwa moja na koili kama waya wake haukuandikwa kuwa waweza kuhimili volti hizo. Pimeni nyuma ya dayodi mbili za mlangoni.

La pili ni zito zaidi. Uganda ilitangaza mwaka 2012 kwamba imemaliza kusafisha mahali palipojulikana kuwa na mabomu ya ardhini, lakini mabaki ya vita yaweza kuonekana mahali pasipotazamiwa. Mkikuta kitu cha chuma kisichojulikana, chenye umbo la risasi kubwa au la kopo zito, kiacheni pale pale, wekeni alama kwa mbali, na waiteni polisi. Wala mtu yeyote asitumie mashine ya kujitengenezea kwa kutafuta mabomu. Kazi hiyo ina mashine zake na watu wake waliofundishwa.

La tatu, madini ya nchi yako chini ya serikali, na kuchimba kwataka leseni. Kujifunza si kosa. Kuchimba shamba la mtu bila ruhusa ni kosa.

Mwisho, waambieni watu wa nyumbani jambo hili. Dhahabu iliyo unga, iliyotawanyika katika mchanga au ndani ya jiwe, haisikiki kwa detekta yoyote ya namna hii, kwa maana kila punje husimama peke yake na sauti yake hufa kabla mashine haijaanza kusikiliza. Dhahabu ya namna hiyo hutafutwa kwa karai na maji. Na mtu akija na mashine isikiayo pete ya dhahabu mita 3 chini, msigombane naye. Mpeni fimbo yenye alama za sentimita, bandikeni pete mwishoni, na mwambieni aonyeshe hewani mbele ya watu wote, kabla ng'ombe hajatoka zizini.